Kujaza Wino Katriji ya Printa Nyumbani: Mwongozo Kamili

Ukiwa na mtoto wa shule ya msingi siku hizi, printa ndogo nyumbani si anasa. Leo mwalimu anataka picha za wanyama kwa rangi, kesho anataka ramani ya kaunti, na keshokutwa wewe mwenyewe una fomu ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, inayotakiwa asubuhi na mapema. Saiba nyingi mjini Kisumu hutoza shilingi 10 kwa ukurasa wa wino mweusi, rangi ni zaidi ya hapo, na mtu wa bodaboda naye anataka chake. Kwa hiyo unanunua printa. Inachapisha vizuri kwa muda, kisha katriji zinaisha, na ukienda dukani unakuta jozi mpya, nyeusi na ya rangi, inakaribia bei ya printa yenyewe.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuifunika printa kwa kitambaa. Hakuna haja. Katriji za printa ndogo za HP na Canon hujazika nyumbani kwa sindano ya duka la dawa na chupa ya wino, na ukiifanya kazi hiyo kwa utulivu utaijaza katriji ileile mara kadhaa kabla haijachoka. Jambo moja nataka likukae tangu mwanzo: kinachoua katriji ni kukauka. Karibu kila kitu utakachosoma hapa kinalenga kuzuia hilo.

Hakikisha printa yako ni ya kundi hili

Toa katriji uigeuze. Ukiona chini yake kipande chembamba chenye matundu madogo mno, na mgongoni safu za vidoti vya rangi ya dhahabu, basi kichwa cha kuchapia kimo ndani ya katriji yenyewe. HP 123, 650 na 652 ziko hivyo, na pia Canon PG-445 na CL-446. Mwongozo huu ni wa hizo.

Epson ni habari nyingine. Kichwa chake hubaki kwenye printa, na katriji zake zina chipu inayohesabu wino; hesabu ikifika mwisho, katriji inakataliwa hata ukiijaza pomoni. Zile Epson za tangi, kama L3110 na L3250, hazihitaji sindano kabisa: unanunua chupa za wino namba 103, unafungua kifuniko cha tangi na kumimina. Na kama printa yako ni ya lesa inayotumia unga, weka mbali sindano, hakuna chochote hapa kinachokuhusu.

Wenye HP wana jambo moja la kuangalia zaidi. Printa iliyosajiliwa kwa mpango wa HP+ inadai wino wa HP pekee kwa maisha yake yote, kwa hiyo usipoteze wino wako hapo. Kuna pia mpangilio wa kulinda katriji, ambao ukiwashwa unaifunga katriji kwenye printa hiyo moja. Huo haukuzuii kujaza, ila hutaweza kuihamishia katriji kwenye printa ya jirani.

Kinachotendeka ndani ya katriji

Ukielewa hiki kidogo, hatua zote zitajieleza zenyewe. Ndani ya katriji kuna sponji iliyoshiba wino. Chini ya sponji kuna chujio laini la waya, na chini ya chujio kuna matundu membamba kuliko unywele. Nyuma ya kila tundu pamekaa kipasha joto kidogo sana. Printa ikituma umeme, kipasha joto hicho hupanda ghafla hadi nyuzi joto 300 hivi, kwa muda wa sehemu chache tu za milioni za sekunde moja. Wino unaokigusa hugeuka kiputo cha mvuke, kiputo kinasukuma tone nje, na wino mpya unashuka kuchukua nafasi.

Wino huohuo unaoshuka ndio unaokipoza. Ukichapisha sponji ikiwa imekauka, kipasha joto kinawaka bila cha kukipoza na kinaungua. Tundu lililoungua halifufuki, hata ujaze wino wa bei gani.

Lini ujaze

Mapema kuliko unavyodhani. Mstari mweupe wa kwanza ukitokea katikati ya maandishi, au picha ikianza kupauka upande mmoja, simamisha. Usijiambie utamalizia kurasa tatu zilizobaki. Kwenye katriji ya rangi, rangi moja tu ikiisha inatosha kukusimamisha, hata kama nyingine mbili bado zimejaa.

Njia bora zaidi ni mizani. Ukinunua katriji mpya, ipime kwa mizani ndogo ya gramu na uandike uzito kwenye kipande cha selotepu ubavuni mwake. Mililita moja ya wino ina uzito wa karibu gramu moja. Katriji ikipungua gramu 4 tangu siku ile, unajua kabisa kwamba mililita 4 zimeondoka, na huhitaji kubahatisha wala kuamini mchoro wa kiwango cha wino kwenye kompyuta.

Makadirio ya kurasa nayo yanasaidia. HP wanasema 652 nyeusi hutoa kurasa 360 na ya rangi 200; 123 ya kawaida ni kurasa 120 kwa nyeusi na 100 kwa rangi. Hesabu hizo zinachukulia wino umefunika asilimia 5 tu ya karatasi, yaani barua ya kawaida. Picha ya simba inayojaza ukurasa mzima inakula wino wa barua nyingi.

Katriji iliyokaa tupu kabatini kwa miezi unaweza kuijaribu, lakini usiiwekee matumaini makubwa.

Vitu vya kununua

Anza na wino, na hapa ndipo watu huuziwa kitu kisichofaa. Wino mweusi wa katriji nilizotaja ni wa chembe. Tafuta neno Pigment kwenye chupa. Wino wa rangi ni wa kuyeyuka, na chupa zake huandikwa Dye. Ukijaza wino mweusi wa kuyeyuka kwenye katriji nyeusi, utachapisha, lakini maandishi yatatambaa yakiguswa na maji. Kwa mtu anayebeba barua ya kuomba kazi chini ya mvua za mchana za Kakamega, hilo si jambo dogo. Tena usichanganye aina mbili ndani ya katriji moja, kwa sababu zinaweza kugandana na kuziba chujio.

Chupa ya mililita 100 ya wino mweusi, ukijaza mililita 5 kila safari, inatosha mara 20. Kwa nyumba moja hiyo ni nyingi. Shirikianeni na jirani mwenye printa ya aina yako, maana wino uliofunguliwa unazeeka.

Sindano utazipata duka lolote la dawa. Sema tu, "Daktari, nipatie sindano moja ya mililita 5 na tatu za mililita 2." Sindano yenye kitako cha kijani ni nene kidogo na inafaa wino mweusi, yenye kitako cha buluu ni nyembamba na inafaa rangi. Kila rangi iwe na sindano yake, na usiazimishe. Ukishazileta nyumbani, sugua ncha kwenye sakafu ya saruji hadi iwe butu, kisha isuuze. Ncha kali inaweza kutoboa lile chujio la chini, na pia inaweza kukuchoma.

Unahitaji pia maji yasiyo na chumvi. Vituo vya petroli huuza maji ya betri, na hayo ndiyo unayotaka. Soma lebo mara mbili: rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri, ambayo itakuunguza ngozi na macho. Maji ya bomba na ya kisima yana madini yanayobaki kwenye matundu yakikauka. Visima vya Nakuru vinajulikana kwa floraidi, kwa hiyo wa huko wasijaribu hata kidogo.

Vingine viko nyumbani: magazeti ya kutandika, tishu nyeupe, vijiti vya meno, selotepu, glavu za plastiki, na kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Ukiweza, pata spiriti ya kusafishia bodi kutoka kwa fundi wa simu.

Kujaza katriji nyeusi

Tandika magazeti matano au sita juu ya meza, mbali na zulia na mbali na watoto. Vaa nguo ambayo hutaililia. Wino ukiingia kwenye sakafu ya saruji isiyopakwa rangi hautoki.

Tikisa chupa ya wino polepole, kwa kuigeuzageuza, kwa sababu chembe huzama chini. Usiikoroge kwa nguvu hadi itoe povu. Iache itulie dakika kadhaa.

Kunja tishu mara nne, ilowanishe kidogo kwa maji ya betri, na uiweke katriji juu yake, matundu yakiangalia chini. Itakaa hapo muda wote wa kazi. Inua lebo ya juu kwa ukucha au kisu butu, kuanzia kona moja, bila kuichana, kwani utairudisha. Chini yake utaona matundu na mifereji myembamba iliyochorwa kwenye plastiki. Mifereji hiyo ni njia ya hewa. Kwenye HP nyeusi, tundu la katikati kwa kawaida linatosha kupitisha sindano. Kwenye Canon tundu linaweza kuwa dogo mno. Lipanue kwa kuzungusha ncha ya keekee ya milimita 2 kwa vidole tu, bila mashine, ukipangusa kila chenga ya plastiki isidondoke ndani.

Vuta wino mililita 4 kwenye sindano. Igeuze ncha ikiangalia juu, igonge kwa kidole hadi viputo vipande juu, kisha visukume nje kwenye tishu.

Sasa ingiza ncha ndani ya sponji, wima, hadi uhisi umekaribia chini, halafu uirudishe juu milimita kadhaa. Sukuma polepole sana. Mililita moja ichukue nusu dakika au zaidi. Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Sponji hunywa wino kama ardhi kavu inavyokunywa manyunyu: ukimwaga kwa pupa, wino unakimbilia pembeni, unanasa hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo itakayokuletea mistari kesho ukadhani wino ni mbaya. Ukisukuma taratibu, utaona wino ukipotea ndani bila kelele wala povu. Kadiri unavyosukuma, inua sindano kidogokidogo ili sponji ishibe kuanzia chini kwenda juu.

Wino ukianza kuonekana ukimeremeta mdomoni mwa tundu, acha, hata kama sindano haijaisha. Vuta nyuma kiasi cha nusu mililita. Katriji iliyojazwa kupita kiasi itavuja ndani ya printa, na kusafisha wino uliomwagika kwenye mkanda wa printa ni kazi ya siku nzima. Ni heri ipungukiwe.

Iache imesimama juu ya tishu dakika 10. Kisha iinue, uibonyeze taratibu kwenye tishu mpya kavu. Unatafuta mstari mmoja mweusi, mnyoofu, usiokatika. Ukiupata, rudisha lebo mahali pake. Usiizungushie selotepu kila upande. Hewa isipoweza kuingia, wino hauwezi kushuka: kurasa mbili za kwanza zitatoka nyeusi tititi, ya tatu itapauka.

Kujaza katriji ya rangi

Utaratibu ni uleule, lakini ndani kuna vyumba vitatu: samawati, majenta (waridi iliyokolea) na manjano. Kosa la kuepuka ni kuingiza rangi kwenye chumba kisicho chake. Michoro inayosambazwa ikionyesha chumba kipi kiko wapi inatofautiana kwa kila namba ya katriji, na ule uliotumiwa na rafiki yako unaweza kuwa wa katriji nyingine kabisa. Mimi naamini kijiti cha meno. Kichovye kwenye tundu la kwanza, kiguse sponji, kisha ukipanguse kwenye tishu nyeupe. Rangi itajisema. Chukua kijiti kingine kwa tundu la pili, na kingine kwa la tatu, halafu chora ramani yako mwenyewe kwenye karatasi kabla hujagusa sindano.

Anza na manjano, kwa kuwa ndiyo inayoharibika upesi: tone moja la samawati linaigeuza kijani. Weka mililita moja na nusu kwa kila chumba, kwa mwendo uleule wa pole, na uache mara wino unapochungulia. Kati ya rangi na rangi, pangusa juu ya katriji ili matone yasiteremke kwenye tundu la jirani. Kama rangi moja tu ndiyo iliyokwisha, zile nyingine zipe kidogo sana au ziache.

Ukiibonyeza kwenye tishu sasa utapata mistari mitatu sambamba. Rangi zikiwa zimeingiliana karibu na matundu, endelea kubonyeza kwenye sehemu safi za tishu hadi kila mstari ubaki na rangi yake. Manjano ikiendelea kutoka ya kijani baada ya kubonyeza mara nyingi, uchafu umeingia chumbani. Vuta wino huo nje kwa sindano tupu, ongeza manjano safi, bonyeza tena. Inachukua muda lakini huwa inakubali.

Kuirudisha kwenye printa

Lowesha kitambaa laini kwa spiriti na upanguse vile vidoti vya dhahabu mgongoni mwa katriji, na vile vinavyogusana navyo ndani ya printa. Usipanguse matundu ya wino kwa spiriti. Subiri ikauke, rudisha katriji hadi usikie imeshika.

Kompyuta itakulalamikia. HP itakuambia katriji imetumika au ni bandia, au kwamba wino ni mdogo sana. Chipu haijui umejaza, inakumbuka hesabu ya zamani tu. Kubali ujumbe uendelee. Canon ikionyesha E13 au E16, bonyeza kitufe cha kusimamisha, kile chenye pembetatu ndani ya duara, ukishikilie kwa sekunde 5 au zaidi, kisha uachilie. Kuanzia hapo printa haitakuonyesha tena kiwango cha wino wa katriji hiyo, na mizani yako ndiyo itakayokuongoza.

Chapisha ukurasa wa majaribio wa matundu. Ukiona pengo, endesha usafishaji wa kichwa mara moja. Likibaki, mara ya pili. Zaidi ya hapo usiendelee, kwa sababu kila usafishaji unakunywa wino uliojaza kwa jasho. Zima printa, iache usiku kucha, jaribu asubuhi. Mara nyingi viputo vimeshapanda vyenyewe.

Ikigoma

Mistari ikibaki baada ya usiku huo, pasha moto maji ya betri kidogo, yawe vuguvugu ya kuvumilika kwa kidole. Mimina kwenye kisahani kina cha milimita 3 na usimamishe katriji humo kwa dakika 5, matundu pekee yakiguswa na maji. Vile vidoti vya dhahabu visilowe. Kausha kwa kubonyeza kwenye tishu. Utaona wino mzito uliogandamana ukitoka kama utepe. Rudia mara mbili ikibidi.

Ikianza vizuri kisha ikapauka baada ya kurasa chache, tatizo ni hewa: inua kona ya lebo, chapisha tena, na ikipona utajua mifereji ilizibwa. Ikiwa printa haiitambui katriji kabisa hata baada ya kupangusa vidoti, basi umeme wa ndani umeungua na hakuna wa kuitengeneza, awe fundi wa Kondele, Kisumu, au wa Nakuru.

Kuitunza baada ya hapo

Chapisha ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama huna cha kuchapisha. Joto la Kisumu halisubiri mtu.

Zima printa kwa kitufe chake, kamwe si kwa soketi. Ikizimwa kwa kitufe, inazipeleka katriji kwenye maegesho yake na kuzifunika kwa mpira ili zisikauke. Stima ikipotea ghafla katikati ya kazi, katriji zinabaki wazi pale zilipokuwa. Stima ikirudi, hata kama hutaki tena kuchapisha, iwashe printa, isubiri itulie, uizime kwa kitufe. Kwa maoni yangu tabia hii moja inaokoa katriji nyingi kuliko wino wowote wa bei ghali.

Sindano zilizotumika suuza kwa maji ya betri, kisha zifungie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, iliyoandikwa wino, mahali mtoto hafiki. Zisirudi kamwe kwenye kazi ya dawa.

Na kama unajaza Kisumu ili upeleke Nakuru au Kericho, zingatia mwinuko. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, na barabara inapita juu zaidi kabla ya kushuka. Hewa iliyonaswa ndani ya katriji hupanuka kadiri unavyopanda, na kama umeiziba kila mahali itasukuma wino nje kupitia matundu ya chini. Ijaze pungufu kidogo, acha mifereji ya hewa wazi, ifunge kwa tishu yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki na uisimamishe matundu yakiangalia chini kwenye kikopo. Ukifika, ibonyeze kwenye tishu kavu hadi mstari utoke safi, ndipo uirudishe kwenye printa.